Swichi Sita za Nyumba Namba 22

Miaka ile ukimtafuta Tadei Akonaay ulimkuta nyuma ya nyumba ya mtu. Hakuwa na tabia mbaya. Masanduku ya umeme ya shamba la ngano yalifungwa nyuma, kwenye baraza za jikoni, na Tadei ndiye alikuwa fundi. Alisimama hapo na testa mfukoni na penseli nyuma ya sikio, akilitazama sanduku bila kuligusa, mpaka mama mwenye nyumba anaona aibu kuendelea kuosha vyombo na kumletea kiti.

Shamba lilikuwa la serikali, uwandani chini ya mlima Hanang. Ilikuwa ngano tupu mpaka macho yanachoka, pale ambapo zamani walilisha ng'ombe, na wachungaji wa Kibarabaig waliendelea kukatiza na mifugo yao kana kwamba matrekta ni ugonjwa wa kupita. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa arobaini na nane. Zilijengwa na wataalamu wa kigeni, nao wakaja na masanduku yao ya umeme kutoka kwao, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Masanduku hayo hayakuwa na meni swichi moja kama tulivyozoea. Juu yalikuwa na swichi kubwa sita, kila moja ikipokea umeme moja kwa moja kutoka nguzoni, na chini yake swichi ndogo ndogo. Ukitaka nyumba ife kabisa ilibidi uzime zile kubwa zote sita. Wageni walilijua hilo. Walibandika vikaratasi kwa lugha yao, kisha mikataba ikaisha wakaondoka, jua likala wino na nyigu wakajenga juu ya kilichobaki. Waliorithi nyumba walijifundisha wenyewe: taa zikizimika, basi umeme umekatika. Mwezi wa tano mwaka 1988 mpishi wa bwalo alizima swichi moja, taa zikafa, akaingiza kisu kwenye soketi kutoa plagi iliyovunjikia ndani, akarushwa mpaka kwenye gunia la unga. Alinyanyuka mweupe na mzima. Meneja akaamuru nyumba zote zipimwe, swichi za kukata umeme zijulikane, na ziandikwe kwa Kiswahili kabla jenereta jipya halijaja mwezi wa nane.

Kazi hiyo inataka watu wawili. Tadei nje anazima swichi moja. Mtu wa ndani anapita chumba kwa chumba na taa ya kuchomeka, anamwambia kilichokufa na kilicho hai. Wakimaliza zote sita wanazizima kwa pamoja na kupima upya, maana nyumba kuukuu hukosi kukuta waya uliopita njia yake. Halafu Tadei anapaka mlango wa sanduku rangi nyeupe, anaandika kwa nyekundu, herufi zimenyooka kama za mwalimu: ZIMA ZOTE SITA. Chini yake anaandika kila swichi inalisha nini, na tarehe. Nyumba moja ilimla nusu siku. Meneja, mtu wa Kanda ya Ziwa mwenye haraka zake, alimwuliza kama anazipima nyumba au anazichumbia.

Tadei hakucheka, kwa sababu kuchumbia ndiko kulikomshinda. Alikuwa na miaka arobaini, hana mke, na sababu aliijua vizuri kuliko wote waliomsema. Kwao ni Tumati, kule juu Mbulu. Alipokuwa kijana walielewana na Efrazia, binti wa upande wa pili wa kijito, na kuelewana kwenyewe kulikuwa kwa wazi kiasi kwamba mama yake Tadei alianza kumwita binti huyo mwanangu. Kisha shamba likaanza kuajiri. Tadei akasema nikajifunze kazi kwanza. Akajifunza. Akasema ngoja nione kama wataniajiri moja kwa moja. Wakamwajiri. Akasema ngoja nione kama watanipa chumba. Alipokuwa bado anaona, Patriki, kijana wa Tumati hiyo hiyo, dereva wa mashine ya kuvunia, alipanda nyumbani na wajomba zake na sentensi moja. Mwaka 1973 Patriki alirudi shambani na Efrazia akiwa mke wake, wakapewa nyumba namba 22.

Miaka kumi na minne Tadei aliwasalimia kila siku. Alikula kwao Krismasi. Alitengeneza pasi ya Efrazia mara tatu na hakukaa kusubiri chai. Walipompa uhamisho kwenda karakana ya Katesh, mahali penye soko na magari, alikataa, akatoa sababu ya vumbi. Kama mtu anayekataa Katesh kwa ajili ya vumbi huku anaishi kwenye shamba la ngano hakukutia shaka, wewe si mtu wa kutia shaka. Alimpenda, basi. Hakuwa na mpango wowote na mapenzi hayo; aliyabeba tu, na yalikuwa mazito.

Mwezi wa nane mwaka 1987 Patriki alikufa kwa ugonjwa wa ini. Hakuacha mtoto. Tadei alimlilia kwa haki kabisa, maana alikuwa rafiki yake, na Efrazia akaingia metimani.

Metimani ni kutengwa. Kwa desturi ya Wairaqw aliyefiwa na mwenzi wake hakai na watu mpaka muda upite. Kwa Efrazia wazee wa upande wa mume walisema mwaka mzima. Haingii nyumba ya mtu na mtu haingii kwake. Anachota maji peke yake, anaongea kwa mbali. Na zaidi ya yote haombi moto wala hatoi, kwa sababu moto ndio njia ya msiba kutoka jiko hili kwenda jiko lile. Nusu ya wafanyakazi wa shamba walikuwa Wairaqw wa nyanda za juu, Wakatoliki, na Jumapili waliimba vizuri tu. Metimani waliishika vilevile. Padri alijua, akajifanya hajui, na maisha yakaendelea.

Lakini umeme je? Swali hilo liliulizwa siku ile ile ya mazishi, na aliyelijibu alikuwa mzee Qamara, mlinzi wa ghala, mkubwa kuliko Wairaqw wote pale shambani. Jenereta ni moja na linawasha nyumba zote arobaini na nane. Mzee alikaa nalo usiku kucha, asubuhi akatoa jibu.

"Kiberiti wote tunanunua duka moja," alisema, "na hakuna aliyekufa kwa hilo. Moto unakuwa wa mtu ukiwashwa jikoni kwake. Jenereta ni duka. Sanduku ndilo jiko."

Meneja aliposimuliwa alicheka mpaka akatoa leso. Tadei yeye aliona kwamba mzee, asiyejua hata kubadilisha balbu, ameueleza umeme vizuri kuliko kitabu cha wageni. Kila nyumba na sanduku lake, kwa hiyo kila nyumba na moto wake. Efrazia akaendelea kuwasha taa na kupikia jiko la koili kama kawaida, na Tadei akaanza kuhesabu siku.

Nyumba namba 22 aliiacha mpaka mwisho. Alijiambia ni kwa sababu ya metimani, na kweli ilikuwa na ugumu wake, lakini pia alikuwa anaiogopa. Tarehe 14 mwezi wa saba, asubuhi, zikiwa zimebaki siku ishirini na sita, alisimama uani mbali na mlango akapaza sauti. Wakakubaliana: yeye atabaki nje kwenye sanduku, Efrazia atapita ndani na taa, na atagonga ukuta kwa mwiko. Pigo moja, pamekufa. Mapigo mawili, pangali hai.

Hawakuwa wamesaidiana kazi yoyote tangu ujana, tangu alipokuwa akimtwisha mtungi kule kijitoni. Alizima swichi ya kwanza, akataja chumba cha mbele, akasikia nyayo za Efrazia zikienda na kurudi upande wa pili wa ukuta, halafu pigo moja, laini, karibu na bega lake. Alizima ya pili. Alijikuta anaenda polepole kuliko kawaida yake, na kawaida yake unaijua. Angeweza kukaa pale mpaka jua litue, akizima na kuwasha, ili tu asikie mtu yule akimjibu. Siku ishirini na sita, alijisemea. Halafu nitaongea. Safari hii nitaongea siku hiyo hiyo, hata kama nina testa mdomoni.

Alipozima zote sita alitaja vyumba upya, kimoja kimoja, apate kuandika. Chumba cha mbele, pigo moja. Chumba cha kulala, pigo moja. Jikoni, mapigo mawili.

Akadhani ameruka swichi. Akaangalia: sita, zote chini. Akataja jikoni tena. Mapigo mawili.

Hapo ndipo alipokumbuka kitu alichopaswa kukumbuka mwaka mzima. Namba 22 na namba 23 hazikujengwa kuwa mbili. Ilikuwa nyumba moja kubwa ya mtaalamu mmoja. Alipoondoka shamba likajenga ukuta katikati, likafunga sanduku la pili upande mmoja, likapata nyumba mbili. Ukuta uligawa vyumba. Waya ndani ya dari haukugawanywa na mtu. Tadei alizunguka mpaka baraza ya namba 23, kwa Hilaria, mke wa makanika, aliyekuwa amempeleka mwanawe Angela zahanati kwa kikohozi. Alifungua sanduku la pale, akazima swichi ya nne, ile ya jiko. Ukutani, kwa mbali, akasikia pigo moja.

Jiko la koili la Efrazia lilikuwa linalishwa na sanduku la Hilaria. Miezi kumi na moja mjane alikuwa anapikia moto wa jirani yake.

Tadei aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alijua maana yake bila kuambiwa: siku zilizopita si siku. Mzee Qamara atasema hesabu ianze upya, mwaka mzima kuanzia moto utakapotenganishwa. Na shamba lilimpa mjane nyumba kwa mwaka mmoja tu. Mwezi wa nane angeondoka hata hivyo, na kama bado yuko metimani angepelekwa Tumati kwa Nicodemo, kaka wa marehemu, ambaye ukoo ungemsikiliza kwanza kama angetaka kumrithi.

Na alijua pia jambo jingine, na hilo ndilo lililomtesa. Waya ule angeukata kwa dakika kumi. Apande darini, aukate, auunganishe kwenye swichi ya sita ya namba 22 ambayo ilikuwa haina kazi, ashuke, aandike mlangoni kila swichi inalisha nini, na kila neno litakuwa kweli. Hakuna mtu angerushwa. Hakuna mtu angedhurika. Alichohitaji kunyamazia ni jana tu, na jana haiandikwi kwenye sanduku. Kwamba msiba umesafiri kwenye waya ukampa Angela kikohozi yeye hakuamini, alikuwa fundi. Lakini wakiambiwa, Efrazia angeamini, na Hilaria angeamini, na wangetafuta kondoo wa kuchinja kumtakasa mtoto, nao wangelala usingizi. Alitamani kunyamaza. Mdomo wake, ambao ulikuwa umenyamaza mahali pote ulipotakiwa kusema, sasa ulipata mahali pa kunyamaza kwa faida.

"Tadei," Efrazia aliita kutoka ndani. Hakupaza sauti sana. "Hapo uliposimama ni kwa Hilaria."

Alikubali kwamba ni kwa Hilaria.

"Umezima kwake, kwangu jikoni kumezimika. Moto ninaopikia ni wangu au ni wake?"

Alirudi taratibu hadi kwenye sanduku la namba 22, karibu na ukuta. Ilimjia kwamba mwanamke huyu hana namna yoyote ya kujua. Hawezi kupanda darini, hawezi kuuliza fundi mwingine, kwa kuwa fundi mwingine hayupo. Atalichukua neno lolote atakalopewa na kuishi nalo, na siku moja, wakiwa mezani kwao, yeye na Tadei, atasema namshukuru Mungu nilimaliza salama. Na Tadei atapokea sahani.

"Ni wake," alisema. "Tangu mwanzo. Efrazia, nisamehe, ni wake."

Aliweka kiganja kwenye ukuta, mahali mwiko ulipokuwa ukigonga, akaona ni upuuzi, akakiacha hapo hapo.

"Ungeweza kuniambia ni wangu," Efrazia alisema mwishowe.

"Ningeweza."

"Kata waya. Halafu andika tarehe."

Alipanda darini, akakata, akaunganisha. Alipaka mlango rangi, akaandika ZIMA ZOTE SITA, akaorodhesha, na chini kabisa akaandika: Swichi ya sita, jiko, imetenganishwa na namba 23, tarehe 14/7/1988. Mzee Qamara aliposikia hakushangaa wala hakulaumu mtu. Alisema Hilaria na wanawe watakaswe kwa kondoo kwa kuwa hawakujua, na mjane aanze upya kuanzia tarehe iliyo kwenye sanduku. Hilaria alilia, akasema kondoo atatoka kwake, na akaendelea kumwachia Efrazia mboga kwenye jiwe la mpakani kama alivyofanya mwaka mzima.

Tarehe tisa mwezi wa nane Nicodemo alikuja na lori. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiyesema sana. Efrazia alipanda nyuma peke yake na magunia yake mawili, akajifunika shuka la kahawia, na watu wakamuaga kutoka mbali kama inavyotakiwa. Tadei alisimama na wengine. Aliinua mkono akachelewa kuushusha.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Namba 22 alipewa karani kijana mwenye redio kubwa, na Tadei alikuta kila sababu ya kupita nyuma yake: kukaza skrubu, kuangalia nyigu, kusoma tarehe aliyoiandika mwenyewe. Karani alimwuliza kama sanduku hilo lina matatizo. Akamjibu halina. Jioni taa zilipowashwa macho yake yalikwenda dirisha lile lile, yakakuta pazia la mtu mwingine, na kila jioni iliuma upya kana kwamba hakulijua. Kila lori lililotoka juu aliliuliza habari za Tumati, kwa ujumla, mvua na mahindi, na hakumtaja mtu. Mara moja dereva alisema Nicodemo anajenga chumba. Tadei hakulala siku nne, akijiuliza chumba hicho ni cha nani. Alimtamani Efrazia sasa kuliko alipokuwa mke wa mtu hatua mia kutoka kwake, kwa sababu wakati ule alimwona.

Mwezi wa saba ulimkuta kwenye mavuno, jenereta linafanya kazi usiku na mchana, na meneja hasikii habari za likizo. Tadei, ambaye miaka kumi na tisa hakuwahi kuomba chochote, aliomba. Meneja alimtazama usoni akasaini bila kutania. Siku zilikuwa zinaisha tarehe 14. Lakini je, kama wazee wamehesabu kuanzia siku ya kondoo? Kama Nicodemo amehesabu vinginevyo? Kufika mapema kungemharibia Efrazia hesabu mara ya pili, na hilo asingelivumilia. Akaongeza siku mbili, za usalama.

Alipanda lori, akapanda jingine, akatembea. Tarehe 16 mchana aliingia kwenye boma la Nicodemo huko Tumati, na upepo wa juu ukamkumbusha kwamba amesahau koti. Alimwamkia Nicodemo shikamoo. Nicodemo aliitikia marahaba, akaulizia mavuno na barabara, kisha akasema kwamba mtu anayetafutwa yuko nyuma ya kile chumba kipya. Hakusema kingine, na Tadei hakuweza kusoma chochote usoni mwake.

Alizunguka chumba. Efrazia alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, amevaa kitenge kipya, amesuka nywele, mikono imetulia magotini. Hapakuwa na kazi yoyote mbele yake, hata kunde za kupukuchua. Alikuwa amekonda. Tadei alisimama mbali, umbali ule ule aliozoea kusimama uani kwa namba 22, na maneno aliyoyabeba tangu uwandani yote yalimtoka kichwani. Hakujua kama anaruhusiwa kusogea hata hatua moja.

Efrazia alimtazama kwa muda, kisha akasogea kigodani, akaacha nafasi.

"Zilikwisha juzi," alisema. "Nimekaa hapa nje siku mbili."